Kaunta ya Duka Iwe Darasa: Haki ya Binti Mhamiaji Mpakani Busia

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpakani Busia na Malaba methali hii imetimia nusu tu. Mwenyeji hupona kweli, ila mgeni hubaki alivyokuja. Binti hutoka mashariki mwa Uganda na mfuko wake wa nguo, akapata kazi katika duka upande wa Kenya. Hufagia, hupanga bidhaa, hupima sukari, na jioni hufunga mlango. Baada ya miaka mitatu huondoka akiwa anajua kila kitu cha dukani isipokuwa mambo mawili: daftari la hesabu na sababu ya bei. Makala haya yanashikilia kwamba ajira ya namna hii haina budi kugeuzwa kuwa uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya mjuzi kwa muda maalumu na kwa makubaliano yanayojulikana.

Kwanza, neno ‘mgeni’ lenyewe lastahili kuchunguzwa. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ndipo watawala wa Kiingereza wakasogeza mpaka. Wasamia na Wateso wakajikuta huku na huko. Hata leo mji unaitwa Busia pande zote mbili. Aidha, vijana wengi wa Busia na Butula wamevuka kwenda kusoma Uganda na kurudi na shahada. Aliyepokelewa darasani kule atakosaje kumpokea mwenzake dukani huku?

Pili, sheria haijamtupa binti huyu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mwajiriwa, inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na inamwagiza mwajiri ampe nafasi sawa mhamiaji aliyemo nchini kihalali. Hata hivyo, kitambulisho cha kuvukia si kibali cha kazi. Binti asiye na kibali huogopa kudai mshahara wake, na mwajiri hulijua hilo.

Je, uanagenzi huo uweje? Mwezi wa kwanza binti ajue bidhaa na wateja. Mwezi wa pili ashike daftari: kilichoingia, kilichouzwa, kilichokopwa, kilichoharibika. Mwezi wa tatu aende kununua kwa bei ya jumla, ajionee faida inavyozaliwa na inavyopotea. Ajifunze kubadilisha shilingi ya Kenya na ya Uganda bila kupunjwa. Aidha, afundishwe kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia mwaka 2018, lakini jengo halimfai asiyejua fomu ya kuomba. Hatimaye akabidhiwe ufunguo wa duka kwa wiki nzima, aamue nani akopeshwe na nani akataliwe, na mwishowe atoe hesabu. Huo ndio uongozi. Uongozi hauanzii jukwaani; huanza pale mtu anapoachiwa jambo la kuharibika, naye akalirudisha zima.

Hapa Kiswahili kina kazi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha jambo hilo hilo Julai 2022. Hata hivyo, binti wengi waliosoma Uganda hukiokota sokoni kwa vipande. Anajua kusema ‘bei gani’, lakini hajui kuandika stakabadhi wala kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaorudi nyumbani Butula wakati wa likizo wangeweza kufundisha rejista ya biashara jioni mbili kwa juma, katika soko la Bumala kwa mfano. Isimujamii isiyovuka lango la chuo ina faida gani?

Wapo watakaouliza: binti wa Butula naye hana kazi, kwa nini afundishwe wa ng’ambo? Swali hili ni la haki, wala halifai kubezwa. Jibu ni kwamba asiyefundishwa ndiye anayeshusha ujira wa wote. Mwenye duka humchagua mhamiaji kwa sababu hana mkataba wala mtetezi. Wakiingia wote wawili kwa masharti mamoja, unafuu huo wa dhuluma hutoweka, na binti wa Butula hupata nafasi yake.

Hatari nyingine ni kunyanyaswa kijinsia. Sheria hiyo ya 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la sera dhidi ya unyanyasaji huo. Duka la mpakani aghalabu lina wawili au watatu. Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara viwe na mama mmoja anayejulikana, ambaye mwanagenzi anaweza kumwendea bila kupitia kwa mwajiri wake.

Kwa kuhitimisha, serikali ya kitaifa irahisishe upatikanaji wa vibali, wenye maduka waandike mikataba, nazo nchi mbili zitambue cheti cha mwanagenzi pande zote. Methali nyingine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti huyu amelima tangu siku ya kwanza. Sasa apewe daftari.