Ondoeni VAT kwenye kitufe!

Nitasema bila kuzunguka. Programu nyingi za mauzo nilizozifungua katika maduka ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta zina ugonjwa mmoja: hesabu ya duka imefichwa ndani ya kitufe. Mtu akibofya "Lipa", msimbo ulio chini ya kitufe hicho unasoma bei kutoka kwenye kisanduku cha skrini, unazidisha, unaongeza VAT, unapunguza stoki, unaandika kwenye hifadhidata, unachapisha risiti, kisha unageuza rangi ya dirisha iwe kijani. Yote hayo mahali pamoja, mistari mia nne bila kupumua.

Wenzangu wanaoandika programu hizi hunijibu, "Lakini inafanya kazi!" Ndiyo, inafanya kazi. Ilifanya kazi mpaka Machi 2020.

Mnakumbuka? Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba, kwa sababu ya korona, VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango kipya kikaanza tarehe 1 Aprili. Wiki moja tu! Halafu tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, asiingie mtu wala kutoka. Siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Sasa mfikirie mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi ambaye fundi wake wa programu anaishi Mombasa. Programu ni ya mezani, iko ndani ya kompyuta moja chini ya kaunta, wala haijaunganishwa na intaneti. Fundi hawezi kuja. Na hata akituma toleo jipya kwa simu, ile 1.16 haiko mahali pamoja. Iko kwenye kitufe cha risiti, iko kwenye kitufe cha ankara, iko kwenye dirisha la bidhaa zilizorudishwa, iko kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi.

Kuna programu moja, ya duka ambalo sitalitaja, ambayo ilirekebishwa kwenye risiti na ankara, ripoti ikasahaulika. Risiti zikasema asilimia 14, ripoti ikasema 16. Chukua bidhaa ya shilingi 5,000 kabla ya kodi. Mteja alilipa 5,700, lakini kwa mujibu wa ripoti mwenye duka alikusanya VAT ya 800 badala ya 700. Shilingi mia moja za hewa kwa kila elfu tano. Zidisha kwa mabati na saruji ya mwezi mzima. Na KRA haimwulizi aliyeandika programu. Inamwuliza mwenye duka.

"Basi weka kiwango kwenye faili ya mipangilio," mwingine ataniambia, "kibadilishwe mara moja, yaishe." Hapana, hayaishi. Mteja alinunua rangi tarehe 20 Machi 2020 akairudisha tarehe 10 Aprili. Iliuzwa kwa asilimia 16, kwa hiyo lazima arudishiwe kwa asilimia 16. Ukichapisha upya ankara ya Februari 2020, lazima itoke vile vile ilivyotoka Februari. Ankara ya Mei 2020 nayo ibaki na 14 daima, ingawa kiwango kilirudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Tena si kila bidhaa inatozwa VAT. Kwa hiyo VAT si namba, ni kanuni yenye tarehe, na kanuni inahitaji makao yake:

kodi = kokotoaKodi(bidhaa, tarehe)

Basi. Fanksheni hii haijui kama kuna dirisha wala kitufe. Haijui kama kuna printa. Madirisha yote huiuliza swali moja na kupewa jibu moja. Sheria ikibadilika, unagusa hapo tu.

Ukitaka kuona jambo hili bila kompyuta, tembea mjini Voi. Duka limepakwa rangi ya kampuni ya simu mwaka huu, mwaka ujao litapakwa ya kampuni ya soda. Ukuta unabadilika kila kampuni mpya inapokuja na ndoo za rangi. Daftari la madeni lililo ndani halibadiliki. Hakuna mwenye duka mwenye akili timamu anayeandika madeni ya wateja ukutani. Sisi watengenezaji wa programu ndio tunaoyaandika ukutani, halafu tunashangaa rangi mpya ikiyafuta.

Hoja yangu ni hiyo. Sura ya programu na kanuni za biashara hubadilika kwa sababu tofauti, kwa nyakati tofauti, kwa amri za watu tofauti. Sura hubadilishwa na Microsoft, na ukubwa wa skrini, na mteja anayetaka herufi kubwa. Kanuni hubadilishwa na Bunge na KRA. Ukivifunga viwili hivyo kwa kamba moja, kila kimoja kikitikisika kinamwangusha mwenzake.

Wala si jambo jipya. Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyekuwa Xerox PARC huko California, aliandika mwaka 1979 juu ya kutenganisha modeli, mwonekano na kidhibiti. Yaani mambo yenyewe yakae kando, namna ya kuyaonyesha ikae kando, na namna ya kupokea amri za mtumiaji ikae kando. Kilichotuharibu ni urahisi wa zana zetu. Visual Basic 6 ya mwaka 1998 ilitufundisha hivi: chora kitufe, kibofye mara mbili, anza kuandika. Delphi hivyo hivyo, na zana za C# zilizokuja baadaye hivyo hivyo. Zana ilikufungulia mlango wa kitufe, ukahamia humo na vyombo vyako vyote. Lakini mlango si nyumba!

Kama hamniamini mimi, amini simu iliyo mfukoni mwenu. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama menyu ndani ya laini. Leo unaweza kutuma pesa kwa menyu hiyo, kwa *334#, au kwa programu ya simu. Sura tatu, salio lile lile, ada ile ile. Hebu fikiria kama kila sura ingekuwa na hesabu yake ya ada! KRA nayo ilipoleta ankara za eTIMS ilifungua njia kadhaa: wavuti, simu, *222#, na kuunganishwa moja kwa moja na programu ya mfanyabiashara. Hii njia ya mwisho ndiyo iliyowaumbua wengi. Ukiwa na kipande kimoja kinachotengeneza ankara, unakiunganisha mara moja. Kama ankara huzaliwa ndani ya vitufe saba, una kazi saba, na mwenye duka ana bili saba.

Waandishi wa programu za mishahara, msicheke. Makato ya NSSF yalibadilika Februari 2023. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza 2023, ikasimama Januari 2024 baada ya uamuzi wa mahakama, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Oktoba 2024 jedwali la NHIF, ambalo kilele chake kilikuwa shilingi 1,700, likaondoka na mahali pake pakaja asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mabadiliko yote hayo ndani ya miaka miwili, na hakuna hata moja lililohusu dirisha!

Sasa visingizio.

"Programu yangu ni ndogo." Duka lake pia ni dogo, ndiyo maana haliwezi kulipia programu mpya kila sheria ya fedha inapopita.

"Mteja hulipia anachokiona." Kweli, na vyuoni nako nimeona miradi ikipewa alama kwa picha za skrini. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Mteja haoni msingi wa nyumba yake pia, hata hivyo fundi mwashi anayeuacha tunamwita tapeli.

"Mimi nimehamia wavuti, hayo ni mambo ya kompyuta za mezani." Fungua msimbo wako. Kama VAT inakokotolewa ndani ya ukurasa, kwenye JavaScript ya kitufe, hukuhama. Umebadilisha rangi ya ukuta.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaojenga tabaka kumi na mbili kwa ajili ya kibanda cha kuuza mayai, kila tabaka likilipitisha neno kwa jirani yake bila kufanya lolote. Siwatetei hao. Sidai tabaka, nadai mpaka mmoja tu.

Na mpaka huo una kipimo rahisi. Futa madirisha yote. Je, bado unaweza kutengeneza ankara ya tarehe 20 Machi 2020, ya tarehe 15 Mei 2020 na ya leo, kwenye skrini nyeusi, ukapata kodi sahihi zote tatu? Kama unaweza, andika mifano ishirini ya aina hiyo, iendeshe kabla ya kumpa mteja toleo lolote, na itakwisha kabla hujameza funda la chai. Kama huwezi bila kufungua dirisha na kubofya, basi hujaandika programu ya duka. Umeandika kitufe chenye duka ndani yake.

Mwenye duka wa Taveta anayepokea shilingi za pande mbili za mpaka, na yule wa Wundanyi anayemsubiri fundi apande mlima, wote wanalipa kwa uvivu huu. Wao hawawezi kuuona. Sisi tunauona kila tunapofungua faili, na ndiyo maana hatuna udhuru.

Haya, anayepinga aje na msimbo wake.