MAMBO YA NYUMBANI: BAWABU WA KOMPYUTA

Wazazi wenzangu, mwaka jana nilinunua kompyuta iliyokwisha tumika, ipate kuwafaa watoto wangu masomoni. Siku ya tatu yakatokea maandishi mekundu kiooni: “Kompyuta yako haina ulinzi! Lipa sasa upate faiawoli.” Nikashika simu nitume fedha za karo. Mke wangu akaniuliza, “Baba Anna, huyo anayekudai unamjua?” Nikakosa jibu.

Basi yafaa tujue faiawoli ni nini. Ni programu ikaayo kama bawabu. Kompyuta iliyoungwa na intaneti ina milango isiyoonekana kwa macho, yenye namba zipitazo 65,000. Majibu ya yale uliyoyaomba, bawabu huyapitisha. Mgeni asiyeitwa humfungia nje.

Kazi hiyo si ndogo. Mwaka 2003 kirusi kiitwacho Blaster kiliziingia kompyuta nyingi za Windows duniani, wenyewe wasibonyeze kitu. Mwaka 2004 Microsoft ikaitengeneza upya Windows XP, faiawoli yake iwe imewashwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tazama kwanza bawabu uliye naye. Katika Windows 10 na 11, tafuta Windows Security, ufungue sehemu ya faiawoli. Mimi nilikuta yangu imezimwa na mwenye kompyuta wa kwanza. Nikaiwasha, nisitoe hata senti moja. Mwenye kompyuta ya Mac naye atazame katika mipangilio, maana mara nyingi huwa haikuwashwa. Kwa nyumba zetu, hiyo yatosha. Usiweke mbili pamoja, zisije zikagombana.

Tena, ukitumia Wi-Fi ya hotelini au stendi, iambie kompyuta kwamba huo ni mtandao wa watu wote, siyo wa nyumbani. Na programu usiyoijua ikiomba ruhusa ya kupita, ikatalie.

Lakini tusijidanganye. Bawabu hamzuii mgeni uliyemkaribisha mwenyewe. Ukifungua barua ya mtu usiyemjua, au ukipakua mchezo wa bure usiojua utokako, umekwisha kumwingiza mwizi ndani.

Yale maandishi mekundu yalikuwa ya mwizi wa namna hiyo. Niliufunga ukurasa wake, na Jumatatu karo ikafika shuleni.