Mashine Haina Masikio

Vijana wetu wa Sumbawanga wanasema siku hizi hakuna haja ya kumuuliza mtu habari za muziki mpya. Simu inajua. Ukimaliza wimbo mmoja YouTube, Spotify au Boomplay, inakuletea wa pili na wa tatu, mpaka bando liishe. Jambo hili wanaliita kugundua muziki. Mimi nalipinga jina hilo. Anayegundua ni yule anayetafuta. Anayeletewa hula alichopakuliwa.

Hebu tutazame mashine hizi zinavyofanya kazi. Kwa sehemu kubwa hazisikilizi, zinahesabu. Zinaangalia wale waliopenda wimbo ulioupenda wewe walipenda na upi mwingine, kisha zinakupa huo. Zipo zinazochambua mapigo na sauti pia, lakini hesabu ya wasikilizaji ina uzito mkubwa. Sasa chukua wimbo wa kulimia wa Kifipa, uliorekodiwa kwa simu huko Laela na kusikilizwa na watu arobaini. Wasikilizaji ni wachache, kwa hiyo haupendekezwi. Na kwa kuwa haupendekezwi, wasikilizaji wanabaki wachache. Isitoshe, tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12. Kwaya ya kigangoni iliyosikilizwa mara 900 haiambulii hata senti.

Watanijibu: chema chajiuza. Naam, chajiuza kikiwa sokoni. Kilichobaki ghalani hakijiuzi, hata kiwe kitamu namna gani.

Watasema tena kwamba hata Radio Tanzania Dar es Salaam ilituchagulia. Kweli, na huku Bara haikuwa na mshindani mpaka miaka ya 1990. Wachache waliokaa studio ndio walioamua tusikie Mlimani Park au Vijana Jazz. Siutetei ukiritimba ule. Lakini mchaguzi alikuwa mtu; uliweza kumwandikia barua na kumlaumu. Tena redio ilitusikilizisha tusichokiomba. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera aliimba Kihaya, na nchi nzima ikaitikia bila kuelewa maneno. Nani kati yetu Wafipa alikuwa ameonyesha dalili ya kupenda nyimbo za Kihaya? Mashine inayopima mapenzi yetu ya jana isingetuletea bahati ile kwa urahisi.

Lililo hatarini si starehe ya wazee. Kila mwalimu anajua kwamba somo lisilokuwamo katika ratiba, wanafunzi huliona halina maana, hata kama hakuna aliyewaambia hivyo. Ndivyo ilivyo hapa. Mtoto wa Ufipa akiletewa kila siku Bongo Fleva na amapiano ya Afrika Kusini, na Kifipa asiletewe hata mara moja, ataamini kwamba lugha ya bibi yake haiimbiki. Atakuwa amefundishwa na ukimya.

Sisemi vijana watupe simu. Nasema walimu wanafunzi, wakati wa likizo, waende kwa wazee, waombe ruhusa, warekodi nyimbo, waandike jina la mwimbaji, kijiji na lugha, kisha waziweke huko huko mtandaoni. Nasi tutumiane nyimbo hizo, mtu kwa mtu, bila kungoja kupendekezewa. Mashine hufuata walikopita watu. Basi watu tutangulie.