Nani aliharibu neno « kadogo »?

Wazee wetu wanapenda kusema: vijana wanaharibu luga. Wanaonyesha « slt » na « mdr » zenye watoto wanaandikiana katika simu, na wanalia. Haya. Lakini wao wenyewe zamani, Lubumbashi na Bukavu, hawakusema Kindubile? Na kile Kindubile kilitoka wapi kama si kwa ba-Bill wa Léopoldville, wenye kujivika majina ya sinema za cowboy? Kiswahili hakikufa.

Neno lenye liliharibiwa kweli ni ingine: kadogo. Kwetu ile ka- ni ya kupunguza na ya kupenda: katoto, kanyumba. Kadogo ni yule wa mwisho, mwenye mama anamutafuta saa ya kula. Halafu Oktoba 1996 AFDL ikatoka Kivu. Aprili 1997 iko Lubumbashi, 17 Mei iko Kinshasa, na ndani yake batoto wanabeba bunduki karibu ndefu kama wao. Watu wakawaita bakadogo. Hata Kinshasa, kwenye wanasema Lingala, neno likapokelewa hivyo. Neno tamu kwa kazi chafu! Ilikuwa njia ya kutosema « mtoto aliyetolewa kwao ». Mwaka 2012 tu, wakati mahakama ya La Haye ilimukuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha watoto chini ya miaka 15 katika Ituri, kosa lilipata jina lake.

Bazee, waliovalisha kadogo kombati hawakuwa vijana. Walikuwa watu wa rika lenu.