Ng'ombe Wako na Upepo wa Kipupwe



Watu wengi husema kwamba baridi ni shida ya Njombe na Makete, ambako usiku wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Sisi wa bonde la Kilosa, adui zetu ni jua na mbung'o. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Ng'ombe mzima wa kienyeji, akiwa mkavu na ameshiba, hadhuriki na baridi ya huku kwetu. Adhurikaye ni ndama, naye ndiye zizi la kesho.

Sababu ni hizi. Manyoya makavu huzuia hewa ya joto karibu na ngozi, kama blanketi. Upepo ukivuma huiondoa hewa hiyo. Mvua ikimlowesha mnyama, manyoya hulala, na blanketi haipo tena. Ndama mchanga huanza kuona baridi hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi za sentigredi, na akiwa amelowa huiona mapema zaidi. Basi masika yakielekea kwisha na kusi ikivuma, ndama alalaye katika matope hutumia maziwa yake kujipasha moto badala ya kukua. Nguvu zikipungua, kuhara na homa ya mapafu humwingia kwa urahisi.

Wengine, wakiisha kujua hayo, humfungia ndama katika kibanda kilichozibwa pande zote. Nia ni njema, tendo ni baya. Mkojo na samadi hutoa hewa kali ichomayo macho na pua, na ndama aivutaye usiku kucha huharibika mapafu. Yafaa kuzuia upepo, si kuzuia hewa.

Kwa hiyo miti ni bora kuliko ukuta. Upepo ukigonga ukuta usiopenyeka huruka juu, kisha huanguka nyuma yake na kuzunguka kwa nguvu. Ukipita katika majani hupungua taratibu. Safu ya miti yenye kimo cha mita 5 huweza kutuliza upepo hata mita 50 nyuma yake. Kule Marekani, baada ya upepo kuchukua udongo wa mashamba, serikali ilipanda miti zaidi ya 200,000,000 kati ya mwaka 1935 na 1942. Sisi hatuhitaji mingi. Mfugaji mmoja yamtosha mistari miwili.

Fanya hivi:

1. Weka zizi mahali palipoinuka kidogo. Usiku hewa baridi huteremka na kutulia mabondeni; na maji hufuata njia hiyo hiyo, kama ilivyoonekana Kilosa katika mafuriko ya Desemba 2009.

2. Panda upande wa kusini na wa mashariki, utokako upepo wa kusi, mvua za masika zianzapo. Mistari iachane hatua tatu, na miti ya mstari wa pili ikabili nafasi za ule wa kwanza.

3. Mstari mmoja uwe wa mijohoro au miarobaini, na wa pili uwe ua mfupi wa michongoma, ili upepo usipite chini ya matawi. Minyaa hushika upesi, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho.

4. Zuia mbuzi kwa miaka miwili ya kwanza.

5. Ndama apate dang'a kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa, alale juu ya nyasi kavu, tena awe na paa la kumkinga na mvua.

Mtu atasema, miti hula nafasi ya mahindi. Ni kweli, mahindi yaliyo karibu na miti hudhoofika. Lakini mjohoro hutoa kuni na nguzo, nao ukikatwa huchipua tena. Bali boma la miiba iliyokatwa huoza, na kila mwaka hutaka miti mingine ikatwe porini.

Neno zito zaidi ni hili: mtu hapandi mti asipojua kama atakuwapo kuuvuna. Rudewa yajua gharama ya ugomvi wa ardhi. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutoa hatimiliki ya kimila. Kwa maoni yangu, mfugaji aliye na mahali pake apewe hakikisho hilo, naye apande ua hai. Ua huo utamkinga ndama na upepo, na usiku utazuia ng'ombe wasiingie katika mahindi ya jirani.

Shime, chimbeni mashimo wakati wa kiangazi, ili mvua ya kwanza iwakute tayari.