Fedha za wanunuzi watatu zisikae kwenye sanduku moja

Msimu wa ununuzi wa pamba unapokaribia, kwa kawaida mwezi Mei, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika mkoani Simiyu huanza kupokea wageni. Magari ya makampuni ya kuchambua pamba huingia Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na kila mgeni huahidi kuleta fedha nyingi na kwa wakati. Kwa AMCOS isiyo na mtaji wake ahadi hizo ni tamu. Chama kinanunua kwa fedha za mwingine, kinapata ushuru wake kwa kila kilo, na kampuni zikiwa nyingi kilo nazo zinaongezeka.

Hatari iko hapo hapo. Viongozi wengi huuliza ni kampuni gani yenye fedha nyingi. Swali lenye manufaa zaidi kwa mkulima ni fedha hizo zinafika kwa njia ipi, na zikifika zinatengwa vipi na za wengine.

Chukua mfano wa chama chenye mizani moja, karani mmoja na fedha za kampuni tatu. Saa sita mchana fedha za kampuni ya kwanza zimekwisha, na foleni ya wakulima bado ndefu. Karani anachota kwenye fungu la kampuni ya pili, kwa nia njema kabisa, akitegemea kuzirudisha kesho. Pamba iliyolipiwa inaingia kwenye lundo la kampuni ya kwanza. Kesho yake gari la fedha halifiki. Kampuni ya pili inakuja kudai ama pamba yake ama fedha zake, na chama hakina kimoja wala kingine. Anayeumia ni mkulima wa mwisho kwenye foleni, aliyekwishapimiwa pamba na kuambiwa arudi Jumatatu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila ni moja wakati fedha ni za watu watatu.

Ili kuona kwa nini gari la fedha huweza lisifike, inafaa kutazama mbali kidogo, kwenye soko la ICE la New York ambako pamba nyuzi ya miezi ijayo huuzwa na kununuliwa kwa mikataba. Mkataba mmoja ni wa paundi 50,000, karibu tani 22.7. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba mbegu ilikuwa Sh1,200 kwa kilo. Mwezi Aprili mwaka huo paundi moja ya nyuzi New York ilikuwa inakaribia senti 78 za Dola. Mwishoni mwa Agosti, mvutano wa kibiashara kati ya Marekani na China ukiwa umepamba moto, ilikuwa imeshuka hadi takriban senti 58. Kwa Dola ya wakati ule, iliyokuwa kama Sh2,300, kilo ya nyuzi ilitoka karibu Sh3,900 ikaanguka hadi karibu Sh2,900.

Sasa hesabu ya kijijini. Kilo moja ya nyuzi hutokana na karibu kilo tatu za pamba mbegu, na tatu mara 1,200 ni Sh3,600. Hata mbegu zikiuzwa kwa wakamuaji wa mafuta, bado kuna usafiri, umeme, mishahara na riba ya benki. Haishangazi basi kwamba wanunuzi walisita msimu ule, wakulima wakakaa na pamba majumbani, na wengine waliokabidhi kwa mkopo wakasubiri malipo kwa miezi.

Kampuni iliyokwisha kuuza nyuzi zake mbele kwa bei iliyofungwa, au iliyojikinga kupitia dalali wa soko hilo, huyumba kidogo bei ikianguka. Isiyojikinga huyumba pamoja na New York, na chama kinachoitegemea huyumba nayo. Kwa hiyo si utovu wa adabu kiongozi wa AMCOS kumuuliza mnunuzi: umeshauza, au unakisia? Anayekisia anaweza kukubaliwa, lakini pamba isipakiwe kwenye gari lake kabla fedha hazijaingia benki.

Kuchanganya fedha za wateja si ugonjwa wa vijijini peke yake. Oktoba 2011 kampuni ya udalali ya MF Global ya New York ilifilisika, ikaonekana kuna upungufu wa takriban Dola bilioni 1.6 katika fedha za wateja ambazo zilipaswa kutengwa. Miongoni mwa wateja hao walikuwamo wakulima wa nafaka wa Marekani. Walikuja kulipwa, lakini iliwachukua miaka. Mkulima wa Itilima mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kusubiri miaka.

Wapo wanaosema dawa ni chama kuwa na mnunuzi mmoja tu. Fedha hazitachanganyika, ni kweli. Lakini huyo mmoja akikwama, kijiji kizima kimekwama naye, na hakuna wa kumwambia jirani anatoa zaidi. Wanunuzi wanne nao, kwa karani mmoja, ni vurugu. Wawili wanaweza kusimamiwa, iwapo kila mmoja ana akaunti yake benki, stakabadhi zake zenye jina lake, na lundo lake lisiloguswa na la mwenzake. Fedha za mmoja zikiisha, mizani yake isimame. Foleni italalamika, na ilalamike, kwani mkulima asiyepimiwa bado ana pamba yake.

Malipo ya benki au simu yamepunguza wizi wa njiani na kurahisisha kujua shilingi ipi ni ya nani. Hata hivyo mtandao husumbua vijiji vingi, na makato ya kutoa fedha humwangukia mkulima. Jambo hilo lijadiliwe na mnunuzi kabla ya mkataba, si baada ya wakulima kuanza kunung'unika.

Gharama ya karani wa pili ndiyo kisingizio kinachosikika zaidi. Inaweza kukatwa kwenye ushuru wa chama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye uwezo wa kuidhinisha hilo. Mkutano huo huo una haki ya kuona taarifa za benki za msimu uliopita, fungu kwa fungu, kabla mizani ya msimu mpya haijatolewa ghalani.