Wakimbizi wa angani walifika, lakini nani aliwapimia shamba?

Goma – Wapenzi wa filamu za mfululizo za sayansi ya kubuni wana ubishi wao usiokwisha: je, sehemu ya mwisho hutaka kufanya mambo mengi mno? Ndiyo. Na mfano unaozigusa familia za hapa ni Battlestar Galactica, filamu ya televisheni ya Marekani iliyofungwa mwezi wa tatu 2009.

Wengi Goma hawakuiona, lakini hadithi yake wanaijua. Roboti zinawageukia watu waliozitengeneza na kuteketeza sayari kumi na mbili. Waliobaki, karibu 50,000, wanakimbia kwa vyombo vya angani ambavyo vingine havikutengenezwa kwa watu kuishi ndani. Maji yanakosekana, siku nyingine chakula. Rais wao, Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu, anaweka ubaoni hesabu ya walio hai, na hesabu inashuka kila wanapokufa wengine. Mama aliyepanga foleni asubuhi nzima ili jina lake liingie kwenye liste ya msaada hahitaji kuelezwa ubao huo ni wa nini.

Misimu minne wanatafuta pa kukaa. Mwishowe wanafika kwenye tambarare ya nyasi na wanyama, upande wa Tanzania ya leo.

Hapo ndipo hadithi ilikuwa inaanza. Lakini sehemu ya mwisho ilikuwa imejitwisha vita vya kumwokoa mtoto, malaika, muziki uliogeuka ramani, rubani anayetoweka ghafla, na mapenzi ya zamani juu yake. Swali la jinsi watakavyoishi huko likapewa nafasi ndogo. Wanaamua kutupa vyombo vyote kwenye jua na kutawanyika kwa makundi madogo, kila mtu na mzigo wake. Watu maelfu, na karibu hakuna anayebisha!

Aliyekuwa Bulengo au Lushagala mwezi wa pili 2025, kambi zilipovunjwa na watu wakaondoka na turubai kichwani, anajua maswali ya siku kama hiyo. Nani atalima wapi? Mbegu ziko wapi? Mjamzito atazalia wapi? Na ile nyumba iliyoachwa Masisi, nani analala ndani yake sasa?

Ni kweli, watunzi wana deni. Mtazamaji aliyengoja miaka anataka kila fumbo lifumbuliwe, la sivyo analalamika. Waandishi wa Lost waliyaona hayo 2010. Lakini mwaka huohuo wa 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu ya dakika kama 20 tu, kuhusu dunia iliyoishiwa maji. Asha anatoka kwenye mji uliofungwa, anapanda mche jangwani, anaunywesha maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Basi. Anayebeba bidoni kutoka ziwani kila siku anajua maji yale yana uzito gani.

Hata Battlestar Galactica ilikuwa na mwisho wake mkononi. Roslin, mgonjwa wa kansa, anakufa akitazama nchi aliyoitafuta. Mzee Adama, kamanda wa jeshi, anamzika kilimani kwa mawe, kisha anaketi kando ya kaburi na kumsimulia nyumba anayotaka kuijenga, ikitazama mashariki.

Filamu ingezimwa hapo. Ikaruka miaka 150,000 hadi New York, kwenda kuonyesha roboti.